Kuzitambua sarafu za kale kwa tarehe zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Mombasa ni bandari, na bandari huokota pesa za kila mtu. Katika masanduku ya Mji wa Kale, kwa masonara na kwa wauza vyuma chakavu utakuta rupia za Bara Hindi, pesa za Unguja, ndururu na peni zenye tundu (senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki), reale za Austria, hata senti za Marekani zilizoachwa na watalii. Wengi husoma mwaka, wakaridhika. Lakini mwaka peke yake hautoshi. Umbo la tarakimu, nafasi yake, kalenda iliyotumika na herufi iliyo kando yake ndivyo vinavyoitenga sarafu moja na dada zake. Majibu haya ni kwa anayeanza, na kwa aliyerithi kopo la sarafu asijue pa kuanzia.

"Aina za tarehe" maana yake ni nini?

Ni tofauti za jinsi mwaka ulivyoandikwa kwenye sarafu za thamani moja na, mara nyingi, za mwaka mmoja. Tarakimu zinaweza kuwa kubwa au ndogo, zikaachana au zikabanana, zikakaa karibu na ukingo au mbali nao. Mkia wa 9 unaweza kupinda au kunyooka. Huenda pia chini ya tarakimu moja kukaonekana kivuli cha nyingine. Kila tofauti ya namna hiyo inayorudi ileile kwenye sarafu nyingi huhesabiwa kuwa aina.

Kwa nini mwaka mmoja uwe na tarehe za maumbo mawili?

Kwa sababu ya jinsi sarafu inavyotengenezwa. Kipande cha madini huwekwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa picha na maandishi kinyumenyume, kisha hugandamizwa kwa nguvu kubwa. Vyuma hivyo tuviite chapa. Chapa moja huchoka baada ya kupiga sarafu nyingi, hivyo kiwanda hulazimika kuwa na chapa kadhaa kwa mwaka mmoja.

Zamani picha kuu ilihamishiwa kwenye chapa kwa mtambo, lakini tarehe, au angalau tarakimu zake za mwisho, ilipigwa kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, kwa nyundo na msumari wenye umbo la namba. Mkono wa fundi hauwezi kurudia jambo lilelile sawasawa. Ndiyo maana peni za shaba za Uingereza za mwaka 1875 zina tarehe pana na tarehe nyembamba.

Baadaye tarehe ikaingizwa kwenye chapa mama, na chapa zote zinazotokana nayo zikafanana. Tangu hapo, ukikuta maumbo mawili, mara nyingi ujue kiwanda kilibadili chapa mama yenyewe katikati ya mwaka. Tofauti kama hiyo huwa kwenye mamilioni ya sarafu, si kwenye chache.

Kuna pia tarehe iliyopigwa juu ya tarehe. Chuma cha chapa ni ghali, na chapa ya mwaka uliopita ikibaki nzima viwanda vingine vilipiga tarakimu mpya juu ya ile ya zamani. Nyingine zilitokea kwa bahati mbaya: senti kumi ya Marekani ya 1942 inayoonyesha 1 chini ya 2 ilitokana na chapa iliyogandamizwa mara mbili kwa chapa mama za miaka miwili tofauti.

Nina pesa ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu. Ni ya wapi, na ya mwaka gani?

Hili ndilo swali la pwani hasa, na jibu lake limo kwenye tarehe.

Mizani utaikuta kwenye pesa za Unguja za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Zipo za mwaka 1299 wa Hijria na za mwaka 1304. Mizani pia ipo kwenye pesa ya Mombasa yenyewe, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwezi Septemba 1888. Pesa hii ina miaka miwili: 1888 kwa tarakimu za Kizungu na 1306 kwa tarakimu za Kiarabu. Kwa mtoza sarafu wa mji huu hakuna kipande cha shaba kinachopaswa kutunzwa kuliko hiki, kwa kuwa kina jina la Mombasa. Kampuni hiyo ilitoa pia rupia ya fedha ya 1888, kisha nusu rupia, robo rupia na ana mbili za 1890. Hizo za fedha zilipigwa kwenye kiwanda cha Heaton, Birmingham, na zina herufi H.

Ndugu yake wa karibu, ambaye watu humchanganya naye, ni pesa ya kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Hiyo haina mizani. Upande mmoja una tai, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Nayo ina kalenda mbili: 1890 kwa 1307, 1891 kwa 1308, na 1892 kwa 1309.

Kwa hiyo hata sarafu ikiwa imelika hadi maandishi hayasomeki, ukibaki na tarakimu ya mwisho tu unaweza kuijua. Kati ya shaba hizi, 9 yenye 9 nyingine mbele yake ni pesa ya kwanza ya Barghash, 4 ni pesa yake ya pili, 6 ni Mombasa, na 7, 8 au 9 iliyotanguliwa na sifuri ni Mjerumani.

Tarakimu za Kiarabu zinanichanganya. Nizisomeje?

Maandishi ya Kiarabu yanakwenda kulia kwenda kushoto, lakini mwaka unausoma kushoto kwenda kulia, kama kawaida: ١٣٠٦ ni 1306. Mitego ni hii.

Sifuri ni nukta (٠) na tano ni duara (٥). Anayejua tarakimu za Kizungu tu huona duara akasema sifuri. Kwenye shaba iliyochakaa nukta hufutika kabisa, ukaona kama pengo kati ya 3 na tarakimu ya mwisho. Pengo hilo ndilo sifuri, usilipuuze.

Mbili (٢) na tatu (٣) hutofautiana kwa jino moja. Inua sarafu uielekeze ubavuni mwa mwanga, uhesabu meno.

Saba (٧) na nane (٨) ni umbo moja lililogeuzwa. Ukiishika pesa ya Mjerumani juu chini, 7 itakuwa 8 na 8 itakuwa 7. Kinga yake ni rahisi: miaka yote tunayoizungumzia inaanza na ١, kijiti kilichosimama. Kama tarakimu ya kwanza kushoto si kijiti, geuza sarafu.

Nne (٤) inaandikwa kwa zaidi ya namna moja katika hati za Kiarabu na Kiajemi. Ukiona umbo usilolizoea mahali pa nne, lilinganishe na sarafu nyingine ya 1304 kabla ya kuamua kwamba umepata kitu kipya.

Nitabadilije mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia?

Zidisha kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1306 unakupa karibu 1889, na kweli ulianza Septemba 1888 ukaishia Agosti 1889. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, hivyo miaka miwili haiwezi kulala sambamba. Ndiyo maana 1888 na 1306 kwenye pesa moja si kosa.

Familia zenye asili ya Kachi zina kalenda ya tatu. Sarafu za ufalme wa Kutch, yaani Kachi ya Bara Hindi, huonyesha mwaka wa Miladia pamoja na mwaka wa Vikrama kwa tarakimu za Kihindi, ambao uko mbele kwa miaka 56 au 57. Kutch ilitoa hata sarafu za 1936 zenye jina la Edward wa Nane, kwa miaka ya Vikrama 1992 na 1993.

Nyumbani kuna reale kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke na mwaka 1780. Kweli ina umri huo?

Huenda, lakini uwezekano ni mdogo. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na mwambao wetu walikuwa wameizoea sura yake kiasi cha kukataa nyingine. Viwanda vikaendelea kuipiga sarafu hiyo kwa tarehe ileile ya 1780, karne baada ya karne. Ilipigwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay pia, nyingi kati ya hizo katika karne ya 20. Iliyo kamili ina uzito wa gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa elfu.

Hapa tarehe imeganda, haisemi lolote kuhusu lini. Wajuzi huangalia vitu vingine: lulu kwenye kipini cha vazi, manyoya ya mkia wa tai, umbo la herufi S.F. chini ya kifua, na mapambo ya ukingo. Hata hivyo mpya si bandia. Reale iliyopigwa Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ni reale halali kabisa, na kwa historia ya pwani ina hadithi yake.

Rupia nazo zina tabia hii. Rupia ya Malkia Victoria yenye mwaka 1840 iliendelea kupigwa hadi kufikia 1862. Zile za mwanzo zina maneno VICTORIA QUEEN yaliyoungana juu ya kichwa. Za baadaye, kuanzia mwaka 1850 hivi, kichwa kimeyakata maneno hayo katikati. Rupia ya 1862 nayo ikaganda kwa zaidi ya miaka kumi, na kwenye baadhi yake nukta ndogo upande wa pili ndizo zinazodokeza mwaka halisi. Ukikuta rupia mbili za 1862, zihesabu nukta kabla ya kuziita pacha.

Peni mbili zenye tundu, zote za 1936. Kwa nini mtu atake zote mbili?

Soma jina la mfalme. George wa Tano alifariki Januari 1936, Edward wa Nane akajiuzulu Desemba mwaka uleule. Katika miezi hiyo michache Afrika Mashariki ilipata ndururu na peni zenye jina la Edward, na kwa vile sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya kichwa, hapakuwa na haja ya kusubiri sura yake ichongwe. Ipo isiyo na herufi, ipo ya H na ipo ya KN. Si adimu, ila ni miongoni mwa sarafu chache duniani zenye jina la mfalme yule zilizopita mikononi mwa watu wa kawaida sokoni.

Herufi ndogo karibu na tarehe ni nini?

Ni alama ya kiwanda. Kwenye sarafu za Afrika Mashariki, H ni Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. I ni Bombay, SA ni Pretoria. Hizi mbili za mwisho zilizaliwa na vita, pale njia ya bahari kutoka Uingereza ilipokuwa ya hatari. Kwenye hela (Heller) za Kijerumani za 1904 hadi 1913, A ni Berlin na J ni Hamburg. Andika herufi hiyo kila mara pamoja na mwaka: 1942 ya H na 1942 ya I ni sarafu mbili.

Na T ya mwaka 1916?

Ni Tabora. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na bahari imefungwa, walipiga sarafu zao wenyewe huko bara, kwa shaba na shaba nyeupe zilizopatikana. Chapa zilitengenezwa papo hapo, na haraka hiyo imeacha alama nzuri mno kwa mtazamaji. Kwenye hela 20 kuna taji kubwa na taji dogo. Upande wa pili angalia ncha za herufi L katika neno HELLER. Kwenye aina moja zimechongoka, kwenye nyingine L ya pili imepinda ncha, na kwenye nyingine zote zimepinda. Dhahabu ya rupia 15 yenye tembo nayo ina aina mbili: pambo linaishia chini ya T au chini ya A ya neno OSTAFRIKA. Hakuna sarafu bora ya kujifunzia jicho kuliko hela 20 ya Tabora, maana tofauti zake huonekana hata bila lenzi.

"Tarehe kubwa" na "tarehe ndogo" nitazijuaje?

Usitazame ukubwa, tazama usawa. Ukubwa hudanganya sarafu ikiwa peke yake. Senti ya Marekani ya 1970 yenye S ni mfano mzuri: kwenye tarehe ndogo kichwa cha 7 kiko sawa na vichwa vya 9 na 0, kwenye tarehe kubwa 7 imeshuka. Weka ukingo wa karatasi juu ya tarakimu na utaona mara moja.

Mwaka 1982 Wamarekani walihama kutoka shaba kwenda zinki, na mwaka huohuo kukawa na tarehe kubwa na ndogo. Umbo na madini vikachanganyika. Hapo unahitaji mizani: ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki gramu 2.5. Tarehe ndogo ya shaba yenye herufi D haikujulikana kabisa hadi 2016. Kwa hiyo zile senti za watalii, kabla ya kuzitupa kopo, zipime.

Nitajuaje kama ni aina halisi au sarafu imeharibika tu?

Jiulize: tofauti hii ilizaliwa kiwandani au ilipatikana njiani? Kilichotoka kwenye chapa kina uso uleule na sarafu nzima. Kimeinuka, kina mviringo wa ukingo, kimechakaa sawa na sehemu za jirani, na kitakuwepo kwenye sarafu nyingine zilizotoka chapa ileile. Kilichotokea njiani kimezama, kimekwaruza, au madini yamesukumwa pembeni yakatengeneza kilima kidogo.

Mtego mkubwa ni tarakimu zinazoonekana maradufu. Chapa ikitikisika wakati wa kupiga, tarakimu hupata ngazi bapa ubavuni na mwili wake huwa mwembamba kuliko kawaida. Hilo halihesabiwi. Maradufu ya kweli ya chapa hufanya tarakimu iwe nene, na pembe zake hupasuka zikaonekana mbili. Watu wengi huuziwa la kwanza kwa jina la pili, na inauma kuona mtu ametoa akiba yake.

Kuna pia waovu wanaokwangua 8 ikawa 3, au kugandisha herufi ya kiwanda. Lenzi ya mara kumi itakuonyesha mstari wa gundi au uso uliokwanguliwa.

Vipi sarafu za Kenya huru?

Za kwanza ni za 1966. Hadi 1968 upande wa Mzee Kenyatta hauna maandishi. Kuanzia 1969 jina lake limezunguka ukingo. Zenye sura ya Moi zinaanza 1980. Shilingi 40 ya 2003 ilikuwa ya kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru. Zile video zinazodai kuwa shilingi fulani ya kawaida inauzwa mamilioni, ziache zipite.

Sarafu yangu haina tarehe kabisa.

Kwanza hakikisha haikulika. Kama imezaliwa hivyo, huenda ni shaba ya masultani wa Kilwa, ambazo zina jina la sultani na maneno yenye vina pande mbili, lakini hazina mwaka. Hizo zinapangwa kwa jina, mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili wa dunia na wa zama, kuna peni 20 za Uingereza zilizotoka bila tarehe wakati wa mabadiliko ya 2008: tarehe ilihamishiwa upande wa pili, na kiwanda kikachanganya chapa ya zamani na mpya.

Niisafishe kwanza ili tarehe ionekane?

Hapana. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, brashi ya waya: vyote hula uso, na uso ndio ushahidi. Tarehe iliyofifia itaonekana zaidi kwa taa iliyolazwa ubavuni kuliko kwa asidi. Kama ni udongo tu, loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo usiziache wazi wala usizifunge kwenye mifuko laini ya plastiki inayotoa mafuta. Bahasha ndogo za karatasi kavu zinafaa zaidi. Ukiona unga wa kijani unaosambaa, itenge sarafu hiyo na wenzake siku hiyohiyo.

Ninaweza kuuza au kupeleka nje ya nchi?

Hapa tarehe ina uzito wa kisheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Pesa ya Mombasa ya 1306, rupia ya 1888 na pesa za Barghash zilizoingia nchini zama hizo zote zinaangukia humo. Ukifukua sarafu shambani au ukijenga nyumba, acha kuchimba mahali hapo na utoe taarifa kwa Makumbusho. Fort Jesus ipo mlangoni kwetu. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila kuandikwa ilipokuwa, imepoteza nusu ya habari zake.

Nikitaka kuuliza mjuzi, nitume nini?

Picha ya pande zote mbili, sarafu ikiwa imelala juu ya karatasi nyeupe, mwanga wa dirisha kutoka upande mmoja, bila tochi ya simu. Picha ya tatu iwe ya tarehe peke yake. Uzito kwa gramu hadi nukta mbili kutoka mizani ya sonara, kipenyo kwa milimita, na neno moja kuhusu ukingo: laini au wenye meno. Kama sarafu ina Kiarabu, onyesha upande ulio juu kwa mshale kando ya sarafu, si juu yake. Na taja ilikotoka: sanduku la bibi, sokoni Kongowea, au mchangani. Usiandike jina la aina unayoitumaini. Acha anayetazama aisome tarehe kwa macho yake mwenyewe kwanza.